Sukari Hakuna Tangu Ijumaa

Nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake siyo yenu. Yenu naijua, ina amani na kila kitu kipo. Hii ni nyingine kabisa, iko mbali, na msomaji atakayesema ameitambua nitamkana mchana kweupe. Nasema hivi mapema kwa sababu mimi ni mwoga. Sifichi. Nimezaliwa mwoga, nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja nikiwa mwoga, na nimestaafu kwa heshima zote kwa kuwa sikuwahi kufungua mdomo. Hata mahali ninapoandikia haya sipataji, na mtu akigonga mlango karatasi zinaingia chini ya godoro kwanza, ndipo naitikia.

Haya. Siku moja Mlezi Mkuu wa Taifa alitembelewa na wageni kutoka nje. Mgeni mmoja asiye na adabu akatoa simu mfukoni, akasema, "Mheshimiwa, nimetafuta wafanyabiashara wadogo wa nchi yako humu mtandaoni, sijamwona hata mmoja." Mlezi Mkuu akacheka wanavyocheka wakubwa, kwa meno tu. Jioni ile ile akalihutubia taifa kwa muda wa saa tatu na nusu.

"Wananchi wangu! Kuanzia leo kila biashara, hata ya muuza karanga, hata ya mnoa visu, iwe na ukurasa wake mtandaoni ndani ya siku ishirini na moja. Biashara isiyo na ukurasa itahesabiwa kwamba haipo. Na kwa kuwa katika nchi hii, chini ya malezi yangu, hakuna kitu ambacho hakipo, biashara hiyo itabomolewa ili takwimu zikae sawa!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa sebuleni kwangu, mbele ya redio, na madirisha nimeyafungua ili majirani wanisikie. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni.

"Vipi, Baba Tausi, mbu wamezidi?"

Mke wangu anaitwa Sikudhani. Tausi ni binti yetu, ameolewa mbali. Sikudhani ana mgahawa wa meza nne hapo hapo barazani kwetu: asubuhi supu, mchana wali na maharage au dengu, chapati na chai kutwa. Mlangoni ametundika kibao cheusi, na kila siku anakiandika kwa chaki, kilichopo na kisichokuwepo. Ndivyo wanavyofanya wapishi wote wa mtaa wetu. "Samaki wameisha." "Leo ndizi hakuna." Mtu asije akaingia, akavuta kiti, akanawa mikono, kumbe sufuria tupu. Wakubwa hawapiti mtaani kwetu kwa miguu, kwa hiyo kibao kile kilikaa miaka na miaka bila kumuudhi mtu. Laiti kingebaki pale pale mlangoni!

*

Kazi ya kurasa ilipewa Wizara ya Mambo Yaliyopo. Ndiyo wizara kubwa kuliko zote, ina ghorofa kumi na tisa na lifti nne. Lifti zipo, zimeandikwa kwenye orodha. Watumishi hupanda ngazi kwa ajili ya mazoezi.

Wizara ikatoa Mwongozo wa Ukurasa Bora wa Biashara Ndogo, kurasa mia mbili na kumi na nne. Kwanza iwe picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu. Kisha wimbo wa taifa, beti zote. Kisha picha ya Waziri akimtazama Mlezi Mkuu anavyotabasamu. Kisha dira, dhima na shukrani. Namba ya simu ya mwenye biashara ni hiari, nayo imetajwa kule mwisho baada ya maelezo ya rangi zinazoruhusiwa. Na chini kabisa, hili si hiari, kiwekwe kihesabu cha wageni, ili Wizara ione kila siku ni watu wangapi wamefungua ukurasa huo na ihakikishe hakuna anayempita Mlezi Mkuu. Ukurasa wake yeye ulipata wageni laki mbili kila siku ya kazi. Wote ni watumishi wa serikali, maana asiyeufungua haruhusiwi kusaini daftari la mahudhurio.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mzee Shehoza, fundi cherehani, alifuata mwongozo neno kwa neno. Ukurasa wake ukawa unafunguka kwa dakika arobaini. Kuna mteja alitaka suruali yake ipanuliwe kiuno. Alisubiri wimbo uishe, amesimama wima kama sheria inavyotaka, akasoma dira, akasoma dhima, na alipoifikia namba ya simu alikuwa amekonda, suruali inamtosha.

Mimi nami nikaketi na simu yangu, nikaanza na tabasamu la Mlezi Mkuu. Sikudhani akaja akasimama nyuma yangu, unga mpaka viwikoni.

"Hivi wewe, mtu mwenye njaa anataka kujua nini?"

"Anataka kujua dira yetu," nikasema.

"Toka hapa! Anataka kujua niko wapi, nafungua saa ngapi, nimepika nini, na bei gani. Akipotea njia anipigie simu. Basi. Andika hivyo, na upige picha ya chapati hizi zikiwa bado za moto."

"Mama Tausi, mwongozo..."

"Mwongozo unapika?"

Nikaandika hivyo. Nilitetemeka, lakini niliandika, kwa sababu nilimwogopa yeye kidogo zaidi kuliko Wizara, maana yeye alikuwa karibu. Mgahawa wa Sikudhani, nyuma ya kituo cha zamani cha posta. Tunafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Leo tumepika hiki na hiki, bei hii. Simu hii hapa. Picha moja. Ulifunguka kabla mtu hajapepesa macho.

Mtaniuliza ulipitaje kwa mkaguzi. Ulipita kwa wepesi wake. Mkaguzi alipoufungua alidhani ule ni utangulizi tu, kwamba ukurasa wenyewe bado uko njiani unakuja. Akagonga muhuri wakati anasubiri, asipoteze muda, halafu ikafika saa ya chakula cha mchana.

*

Mwezi mzima tulipata wageni kumi na mmoja kwa siku, na wote tuliwajua kwa majina. Mzee mmoja anaitwa Kipingu, anakaa kule bondeni, ana mguu mbovu, alikuwa anafungua ukurasa kabla hajavaa viatu. Akiona dengu anakuja. Akiona maharage analala tena, maana yanamjaza tumbo. Nilianza hata kuona raha. Mwoga akianza kuona raha ajue kuna kitu amekisahau.

Jumatatu moja asubuhi Sikudhani akanipa maneno ya siku. Nikaandika supu, nikaandika chapati.

"Andika sukari hakuna tangu Ijumaa. Chai ni kavu."

Vidole vikanifa ganzi. Jamani, nyie hamjui. Katika nchi ile neno "hakuna" halikuwa limeonekana kwenye maandishi ya mtandaoni, wala gazetini, kwa miaka kumi na tisa. Halikukatazwa. Lingekatazwa pangekuwa na tangazo, na tangazo lingelazimika kulitaja. Lilikuwa tu haliandikwi. Gazeti la Jumapili, jana yake tu, lilikuwa na picha ya Waziri amepanda juu ya kilima cha sukari, na maelezo chini yake kwamba wananchi wanaombwa wasiogope wingi wa sukari.

"Mama Tausi, tuandike sukari inakuja."

"Inakuja kutoka wapi?"

"Basi tuandike chai ipo, tusiitaje sukari. Akifika atajionea."

Aliniangalia vibaya. "Mzee Kipingu ajikongoje na mguu wake ule kutoka bondeni, anywe chai yake ya asubuhi, afike aambiwe kavu? Dhambi hiyo utaibeba wewe? Kibaoni naandika nini siku zote?"

"Kibaoni ni chaki! Chaki inafutika!"

"Kumbe unataka niwe mwongo pale tu pasipofutika."

Nikaandika. Nikaenda chooni, nikakaa huko muda mrefu. Nilipotoka nikaangalia kihesabu, kinasema elfu nne. Nikadhani macho yananidanganya. Adhuhuri kikasema elfu arobaini. Watu hawakuandika kitu, hawakupiga simu, walifungua tu, wakaangalia, wakafunga. Wengine, nasikia, walifungua mara tano, mara kumi, kuhakikisha kwamba neno bado lipo pale.

Alasiri akaja mtu mzima mmoja, msafi, koti na tai, hatumjui. Hakuagiza chochote. Alimshika Sikudhani mkono, mkono wenyewe una unga, machozi yanamtoka.

"Mama," akasema, "nilidhani ni mimi peke yangu nisiyeiona sukari. Miezi minane nimekuwa nikimlaumu mke wangu kwamba hajui kutafuta."

Akaondoka. Sikudhani akabaki anaangalia mkono wake. Mimi nilikwenda kufunga mlango wa nyuma, halafu nikarudi kuuangalia kama nimeufunga.

*

Jumatano alikuja Afisa Uwepo wa Kata, Bwana Fortunati. Ni mtu mpole sana, na upole wake ndio uliotumaliza. Mtu anayekutukana unajua atachoka, lakini Fortunati alisalimia mpaka paka. Nyuma yake vijana wawili wa Wizara walibeba gunia, wanainama kwa uzito, wanahema.

"Mama, naomba chai. Ya sukari."

"Chai ipo, baba. Sukari hakuna."

Vijana wale wakaangalia dari. Wateja wawili waliokuwa wanakula waliinuka na sahani zao, wakaenda kulia chakula barabarani. Bwana Fortunati akatoa fomu, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Hii ni Fomu ya Kuthibitisha Uwepo wa Kisichoonekana. Serikali yenu sikivu imesikia kwamba hamjaiona sukari. Kutokuona siyo kosa. Ni hali. Tumewaletea gunia. Mzee, hebu saini hapa kwamba limefika."

Vijana wakalitua gunia. Halikutoa sauti. Lilijikunja pale chini kama shuka. Lilikuwa tupu, ndugu zangu, tupu kabisa, limeandikwa SUKARI KILO HAMSINI kwa wino mweusi.

"Hiyo ni sukari ya awali," Fortunati akaeleza. "Ile ya pili itafuata baada ya hii kutumika."

Nikasaini. Ningefanya nini? Akaniambia nionje. Nikachukua kijiko, nikachota ndani ya gunia, nikatia kwenye kikombe, nikakoroga. Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe kwa mtetemo wangu, hata kukoroga hakukuhitaji juhudi. Nikanywa.

"Vipi?"

"Tamu sana, mheshimiwa," nikasema. "Imezidi kidogo."

Vijana wakaandika: imezidi kidogo. Sikumtazama Sikudhani. Nilimsikia akipumua tu.

"Basi mama," akasema Fortunati huku anainuka, "umemsikia mzee mwenyewe. Sahihisha ukurasa wako. Maneno mawili tu: sukari ipo. Nakupa mpaka Jumatatu, kwa sababu nakuheshimu kama mama yangu."

Alilipa chai ambayo hakuinywa, akamkuna paka kichwani, akaenda zake. Ningependa angepiga teke meza.

*

Sikudhani alikataa. Alhamisi alikataa, Ijumaa alikataa. Nilimbembeleza, nikapiga magoti, mtu mzima mimi mwenye mvi.

"Maneno mawili, Sikudhani. Watatubomolea. Watakuchukua."

"Na mimi naogopa," akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza namsikia kusema hivyo tangu nimuoe. "Naogopa kuliko wewe, sema sina nafasi ya kukaa chooni. Lakini nikiandika ipo, watu watakuja, Baba Tausi. Watakuja hapa, kwenye mlango huu. Wewe utajificha. Mimi nitawaambia nini?"

Sasa niwaambie nilichokifanya, na mnicheke au mnitemee mate, shauri yenu. Jumamosi alfajiri, yeye anakanda unga, nilichukua simu nikaandika mwenyewe: Sukari ipo. Nikasikia raha mwili mzima. Nilioga, nikavaa kanzu safi, nikakaa barazani.

Saa moja wakaanza kufika. Si wateja wetu wale kumi na mmoja. Watu wa mitaa ambayo sijawahi kuifika, na vikopo, na mifuko ya rambo, na mabeseni, foleni imetoka mlangoni mpaka kwa Mzee Shehoza na kuzunguka kona. Hawakusukumana. Magazeti yalikuwa yanaandika sukari ipo kila siku na hakuna aliyeinuka kitini, lakini hapa walikuja, maana ulikuwa ni ukurasa wetu uliosema.

Sikudhani akatoka na mwiko mkononi. "Kuna nini?"

Mbele ya foleni alikuwepo mama mmoja mwembamba, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Ukiona tu kichwa cha mtoto kimelala namna ile unaelewa kwamba ni mgonjwa. Anaharisha siku ya tatu, mama akasema, na zahanati wamemwambia amtengenezee maji ya chumvi na sukari. Chumvi anayo. Ametembea tangu alfajiri.

"Sukari hakuna, mwanangu," Sikudhani akasema polepole.

Yule mama hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu kwangu. Alifungua simu yake, akamwonyesha, kana kwamba Sikudhani ndiye aliyekosea kusoma.

"Lakini nyie mmeandika."

Mke wangu akageuka akanitazama. Nimetazamwa na wakubwa wa posta, nimetazamwa na Fortunati, na baadaye nimetazamwa na watu ambao siwataji. Sijawahi kutazamwa vile. Kisha akaenda kwa muuza madafu ng'ambo ya barabara, mbio, mwiko bado mkononi, akarudi nayo matatu, akakaa na yule mama chini sakafuni wakamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Mtoto alipona. Nilikuja kuambiwa baadaye sana, lakini siku ile sikujua, na nilikuwa nasikia kijiko kile kikigonga glasi.

Sikudhani alipomaliza aliniomba simu. Hakuniambia niandike, aliandika mwenyewe, kidole kimoja, polepole.

"Sukari hakuna. Asubuhi tuliandika ipo. Tulidanganya kwa sababu tuliogopa. Mtusamehe. Dengu zipo."

Kufika Jumapili kihesabu kilimpita Mlezi Mkuu kwa elfu sitini.

*

Walikuja Jumatatu saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanakunywa supu. Mashati meupe, yamepigwa pasi. Bwana Fortunati alikuwa nao, na alisalimia kila meza.

"Mama, tunakuchukua mara moja tu," akasema, "ukaonyeshwe sukari."

Katika nchi ile Serikali ni karimu kwa kuonyesha. Mtu akisema barabara haipo, anachukuliwa akaonyeshwe barabara. Akisema dawa haipo, anakwenda kuonyeshwa dawa. Vitu hivyo lazima viwe mbali sana, maana sijamwona aliyerudi.

Nilisimama. Nilitaka kusema kwamba ni mimi ninayeandika ukurasa, mimi ndiye mwenye simu, nichukueni mimi. Maneno yalifika mpaka hapa kooni. Yakabaki hapo hapo. Sikudhani alifungua khanga ya kiunoni, akafuta mikono, akaikunja khanga ile akaiweka juu ya meza.

"Baba Tausi, dengu ziko motoni. Usiziache zikaungua."

"Sawa," nikasema.

Nilisema sawa. Miaka thelathini na nne ya ndoa, na hilo ndilo nililomwambia.

Walipokwisha kumpandisha garini Fortunati akarudi ndani, akaniwekea karatasi mkononi. "Ukurasa uendelee, mzee. Wateja wasipate wasiwasi. Leo alasiri andika hivi." Nikasoma: Bi Sikudhani yupo, anawasalimu, chai ni tamu.

Nikazima jiko, nikaenda Wizarani. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya kumi na nne, Idara ya Watu Waliopo. Karani alikuwa binti mwenye adabu nzuri.

"Shikamoo mzee. Una shida gani?"

"Namuulizia mke wangu, Sikudhani binti Mwengo."

Akafungua daftari kubwa, kidole kikashuka, kikasimama.

"Yupo."

"Yupo wapi, mama?"

"Hapa. Mstari wa kumi na saba. Yupo nyumbani kwake, na mumewe." Akainua macho, akapunguza sauti, na niliona kwamba naye anaogopa, midomo imemkauka kama yangu. "Mzee, unataka kuniambia kwamba hayupo? Ukisema hayupo kuna fomu nyingine, na nitalazimika kumwita mtu aje aipokee. Unataka kusema hivyo?"

Nyuma yake kulikuwa na mlango wa kijivu, umefunguliwa kidogo, na kuna mtu nyuma yake, naona ncha za viatu.

"Hapana," nikasema. "Yupo. Nilikuwa nahakikisha tu."

Nikashuka ngazi ghorofa zote kumi na nne nikisema yupo, yupo, kila ngazi, mpaka nikafika chini.

*

Nyumbani palikuwa kimya. Dengu ziliungua chini kidogo tu, juu zilikuwa nzima. Nilikaa kwenye kiti chake, simu mbele yangu, karatasi ya Fortunati pembeni. Saa nane. Alasiri imekaribia. Kihesabu kinasema watu elfu thelathini wamefungua tangu asubuhi, wanasubiri waambiwe leo kumepikwa nini.

Nilianza kuandika: Bi Sikudhani yu... Hapo nikaona foleni. Niliwaona wakija tena na mabeseni yao, mmoja mmoja, kumsalimia, kwa sababu ukurasa umesema yupo. Wanafika hapa mlangoni. Nitawaambia nini? Sasa ndiyo nikaelewa alichokuwa ananiuliza.

Yarabi, niliogopa! Msidhani ujasiri ulinijia, haukuja. Niliandika huku meno yanagongana, na jasho linadondoka kwenye kioo mpaka herufi hazishiki, nafuta kwa kanzu, naandika tena.

"Tumefungua. Dengu zipo, zimeungua kidogo. Chapati hakuna, mpishi hayupo. Sikudhani hayupo. Wamemchukua leo saa nne asubuhi. Mimi mumewe nipo, simu ni ile ile."

Nikabonyeza. Nikaiweka simu mezani, nikaificha mikono yangu chini ya mapaja.

Haikupita dakika ikaita. Nikajua ni wao. Niliiacha iite mara nne.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, ndogo, anaziba mdomo kwa mkono. "Hapo ni mgahawani? Nimesoma. Sitaki chakula. Mume wangu Zabroni Lihawa, alikwenda kuonyeshwa barabara, mwaka juzi mwezi wa tatu. Hapo chini ya dengu... kuna nafasi?"

Nikamwambia ipo. Nikaandika: Zabroni Lihawa hayupo, tangu mwaka juzi mwezi wa tatu.

Ikaita tena, ni kijana, aliyechukuliwa ni dada yake muuguzi, Hidaya Mgunya. Nikaandika. Ikaita tena. Ya sita niliisikia mara mbili, kwenye simu na kupitia ukutani. Alikuwa Mzee Shehoza, ananong'ona hapo hapo nyumba ya pili. Kaka yake Simbo. Miaka yote ile alituambia Simbo yuko ng'ambo, ana duka kubwa, ananenepa.

"Tangu lini, jirani?" nikamuuliza.

"Miaka kumi na moja," akasema, halafu akashindwa kuendelea, nikasikia cherehani yake inaanza kuzunguka, nadhani ili watu wasimsikie analia.

Nilikuwa nimefika mtu wa arobaini na mbili niliposikia gari linasimama nje. Milango ikafungwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Viatu vikaanza kupanda baraza, polepole, na sauti ya Bwana Fortunati ikamsalimia paka. Mkojo ulinitoka, nasema kweli. Simu ikaita. Niliitazama, nikautazama mlango, nikaichukua simu kwa mikono miwili maana mmoja haukuweza.

"Mgahawa wa Sikudhani, karibu," nikasema. "Nikuandikie nani?"